Hana, Wayne, Hana

Wayne Ackroyd alikiri kabla chai haijamiminwa, na hilo ndilo lililomtia Denise Hirst wasiwasi.

"Nilikusudia," alisema. "Andika hivyo hivyo. Nilimwona, nikamfuata, nikamgonga. Mpira alikuwa ameshaupiga, nami nilijua ameshaupiga. Kuna kingine?"

Denise alikuwa sajenti wa upelelezi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kujitwisha kazi hii isiyo na mshahara, ya kuchunguza kesi za nidhamu za ligi ya raga ya ridhaa. Alishakaa meza moja na wezi wa magari, wachoma maghala na mume mmoja aliyemsukuma mkewe kwenye ngazi. Hakumkumbuka hata mmoja aliyekiri upesi kiasi hicho. Mwenye hatia hukuzungusha kwanza. Ataomba maji, ataomba sigara, atauliza wewe ni mtoto wa nani. Huyu alikuwa ameivaa hatia yake tangu mlangoni.

"Kipo," alisema. "Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Watu hawavunjani taya bure. Alikukosea nini?"

Wayne alimtupia jicho mkewe, Pauline, aliyekuwa amesimama na birika mkononi. Wayne alikuwa jitu la mtu, kilo mia na ushee, na kile kiti cha jikoni kilikuwa kinalalamika chini yake.

"Alituhama," alisema. "Callum tumemlea sisi Skelby tangu soksi zinamfika mapajani. Msimu huu kaenda Outhwaite. Outhwaite, Bi Hirst. Wewe mtu wa huku huku, sihitaji kukufafanulia."

Hakuhitaji. Kati ya Skelby na Outhwaite palikuwa na mlima mmoja na miaka mia ya kununiana.

Kisa chenyewe hakikuwa na utata, au ndivyo kilivyoonekana kwenye ripoti ya refa. Outhwaite walikuwa wameshaangushwa mara tano, na katika raga ya wachezaji kumi na watatu, ukishaangushwa mara tano unaupiga mpira mbele kabla hujanyang'anywa. Callum Priestley, namba saba wao, akaupiga juu. Mpira ulikuwa umeshapita vichwa vya watu pale Wayne, namba kumi wa Skelby, alipomfikia na kumtia bega kwenye taya. Taya likavunjika. Kadi nyekundu. Mashtaka: rafu ya kuchelewa, daraja la juu kabisa, kwa makusudi.

Pauline alipitisha sahani ya biskuti mbele ya mumewe. Mkono wa Wayne ulifumbata hewa, sahani ilikuwa imeshampita. Pauline hakugeuza hata kichwa. Aliirudisha mpaka ikagusa vidole vyake, huku akimuuliza Denise kama anatumia sukari.

"Situmii," alisema Denise. "Lori lako halipo nje, Wayne. Uko likizo?"

"Niliacha lori. Mgongo."

"Mgongo," alisema Pauline, upesi mno. "Sasa yuko ghalani, anapanga maboksi. Mimi ndiye dereva wake siku hizi."

Wayne alicheka kidogo, kisha akauliza swali ambalo Denise alikuwa anamsubiri aliulize. "Nikikiri mapema wananipunguzia, sivyo? Kocha Neville kasema nitarudi mwezi wa nne."

"Ukikiri mapema wanakupunguzia."

"Basi nimekiri. Yaishe."

Denise alikunywa chai yake na kuaga. Hakuwa ameamini neno hata moja, isipokuwa lile la mwezi wa nne.

*

Callum Priestley alikuwa sebuleni kwa mama yake, anavuta supu ya nyanya kwa mrija. Madaktari walikuwa wamemfunga taya kwa waya, kwa hiyo maneno yake yalipita katikati ya meno, moja moja, kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba.

"Kisasi?" alisema. "Anko Wayne? Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

Callum alitaka kucheka, maumivu yakamkataza. "Niliposema nahama, Neville hakunipa mkono. Nusu ya timu hawakunipa mkono. Wayne alinifuata mpaka kituo cha basi. Akaniambia, nenda mwanangu, wana kocha mzuri kuliko wetu, ila ukimwambia Neville nimesema hivyo nakukana."

"Kwenye baa je? Nasikia mlitupiana maneno."

"Tulitupiana utani. Aliniambia Outhwaite hawaogi. Ni yeye aliyenifundisha kupiga huo mpira, Bi Hirst. Kwenye uwanja wa shule, mvua inanyesha, mimi nina miaka tisa. Kisasi cha nini?"

Denise alilifuta lile la kisasi kichwani mwake. Alikuwa amelitegemea kidogo, kwa kuwa kisasi ni kitu chepesi kukieleza mbele ya kamati.

"Hebu nieleze ulivyoona wewe."

Callum aliweka bakuli chini. "Nilipiga, nikasimama nautazama mpira. Nilimwona anakuja kwa pembeni. Nilikuwa na muda wa kukwepa, usimwambie mtu. Sikukwepa kwa sababu ni Wayne. Nilijua atasimama. Siku zote anasimama." Alipumzika kidogo. "Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa ananiangalia kama bado ninao. Kama mpira uko mkononi mwangu."

"Utakuja kuyasema haya kwenye kikao?"

"Siji. Huku mtu hamtolei mchezaji mwenzake ushahidi, hata kama kamvunja. Baba yangu angefufuka." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Watu wameandika mtandaoni kwamba ni muuaji. Wamemtaja mpaka bintiye. Na Mama naye kaandika."

Mama yake, aliyekuwa akikausha vyombo, aliwapa mgongo na kuanza kukausha kikombe kilichokuwa kimeshakauka. Uso umeumbwa na haya, na wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Nilikuwa na hasira," alisema, akilitazama dirisha. "Nimefuta."

"Umefuta baada ya watu mia mbili kusoma, Mama."

Denise aliondoka akiwa na kesi ya mtu aliyekiri kosa ambalo aliyetendewa hakuliona.

*

Kamati ya nidhamu ya ligi ile huwa inatazama picha za video bila sauti. Kuna sababu. Zamani kidogo mpiga picha wa klabu moja, mtu wa kujitolea aliyepanda jukwaa la mabomba ya chuma na kamera yake, alimtukana mama wa refa kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, na wajumbe wawili walijikuta wanakubaliana naye. Tangu hapo kanuni ikapitishwa: sauti zizimwe, wazee waamue kwa macho yao. Kanuni nzuri, na kila mtu aliifuata. Denise naye alikuwa ameitazama ile video ya Outhwaite mara nyingi, kimya kimya, akisimamisha na kurudisha, na kila mara Wayne alikuwa anamgonga Callum kwa kuchelewa kule kule.

Jioni ile alikuwa anapiga pasi. Macho yake yalikuwa kwenye kola ya blauzi, kwa hiyo aliifungulia video sauti ili asipitwe na kipenga.

Alisikia anachosikia mtu yeyote kwenye mechi ya Jumamosi: matusi, mbwa, mwanamke anayemwambia mtu aliyeitwa Gavin arudishe koti lake. Halafu alisikia sauti moja ya kiume, kavu, ya karibu na ardhi.

"Hana, Wayne! Hana!"

Alipasi kola ya pili. Outhwaite wakapiga mpira tena.

"Hana, Wayne! Hana!"

Alisimamisha pasi wima, akavuta kiti.

Wachezaji hupigiana kelele, hilo si jipya. Lakini namba nane wa Skelby, aliyekuwa akimkimbilia Callum mara nyingi sawa na Wayne, hakuna aliyemwambia kitu. Wala namba kumi na moja. Sauti ile ilikuwa ya Wayne peke yake, na haikukosa hata mara moja. Mpira ukitoka kwenye mguu wa Callum, "Hana," na Wayne, aliyekuwa anakuja kwa nguvu zote, anakata mbio ghafla kama aliyevutwa shati kwa nyuma. Bila ile sauti hakuna hata dalili kwamba alikuwa na nia ya kusimama.

Sauti ilitoka kwa namba tisa, Shaun Lumb, mtu mfupi aliyecheza ubavuni pa Wayne muda wote. Kipindi cha pili Shaun aligongana na mtu, nyusi ikapasuka, akatoka uwanjani na taulo usoni, maana damu ikitoka lazima utoke. Outhwaite wakaangushwa, wakaangushwa tena. Mara tano. Callum akapiga mpira.

Mbwa alibweka. Hakuna aliyesema "hana."

Denise alikaa pale, blauzi ameisahau. Alikumbuka sahani ya biskuti. Alikumbuka lori. Akajikuta anaona haya, kwa sababu ushahidi wote alikuwa nao tangu mwanzo na alikuwa ameuzima kwa mkono wake mwenyewe.

*

Shaun Lumb alikuwa anafanya kazi kwenye duka la matairi, na juu ya jicho lake la kushoto palikuwa na mshono mpya uliovimba.

"Mpenzi, kama ni la mbele limekwisha, nunua yote mawili," alisema, kabla hajainua kichwa. Alipoinua, tabasamu lilikatika. "Bi Hirst."

"Una sauti nzuri, Shaun. Imenasa vizuri kabisa kwenye kamera."

"Kila timu ina mpiga kelele."

"Wewe unampigia mtu mmoja."

"Wayne ni mzito wa kusikia."

"Mzito wa kusikia hupigiwa kelele na refa, na kipenga, na kila mtu. Wewe unamwambia jambo moja tu, kwamba mpira umeshaondoka. Haoni?"

Shaun alishika spana, akaiweka, akaishika tena. "Sikiliza, mimi nina wateja."

"Hakuna mteja hapa zaidi yangu. Callum alipogongwa ulikuwa wapi?"

"Ndani. Nashonwa."

"Na nani alibaki anapiga kelele?"

Shaun aliiweka spana chini. Aliketi juu ya rundo la matairi, na Denise akaona kwamba yule mtu, ambaye alijulikana bonde zima kwa mdomo wake, alikuwa ametafuta neno la kujitetea na hakulipata.

"Nilimwambia Neville," alisema mwishowe. "Naenda kushonwa nikamwambia, mtoe Wayne, mpumzishe mpaka nirudi. Akasema dakika kumi tu, yatatokea nini." Alijifuta pua kwa kiganja chenye grisi. "Nilikuwa mezani nashonwa nikasikia uwanja umenyamaza. Nikajua."

"Imeanza lini?"

"Muulize Pauline. Mimi nimeanza kupiga kelele msimu uliopita. Tulikubaliana chumba cha kubadilishia, wote. Yeye hakuwemo. Tulidhani tunamsitiri mwenzetu, Bi Hirst. Alishatubeba miaka ishirini."

"Na yeye anajua kwamba unamwambia?"

"Kuna mtu anayeitwa jina lake kila Jumamosi asijue?" Shaun alisema. "Tunajifanya. Yeye anajifanya, sisi tunajifanya."

*

Kikao kilifanyika ghorofani, katika klabu ya wafanyakazi, kwenye chumba ambacho kwa kawaida huchezewa bingo. Desturi inamtaka mshtakiwa aje na suti na tai ya klabu yake. Suti ya Wayne ilikuwa ya harusi yake, na ilikuwa inamdai kila pumzi. Pembeni yake alikaa Neville Garside, kocha na katibu wa Skelby, mzee mwembamba aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya kila jambo pale Skelby isipokuwa mvua. Pauline alikaa nyuma, na funguo za gari mapajani.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Harold Roebuck. Ujanani alicheza nafasi hiyo hiyo ya Wayne, kwa miaka kumi na minane, na pua yake ilikuwa bado inaelekea upande ilikopelekwa na wachezaji wa Hull. Wajumbe wenzake wawili walikaa kila mmoja upande wake, mikono wameikunja.

Neville alisimama, akasema maneno aliyoyajua kwa moyo. Mchezaji anakiri. Mchezaji anajuta. Klabu inaomba kamati izingatie kwamba amekiri mapema, ili adhabu yake iishe mwezi wa nne naye aweze kuisaidia timu mwishoni mwa msimu. Aliketi, akampigapiga Wayne begani.

"Bi Hirst," alisema Roebuck. "Nadhani huna la kuongeza."

"Ninalo, Mwenyekiti. Sitaki mumpe mwezi wa nne."

"Unataka tumwongezee?"

"Sitaki arudi kabisa, mpaka aonwe na daktari. Na sitaki mwandike kwamba alikusudia, kwa sababu hakukusudia. Wayne hakuona kwamba mpira umeondoka. Haoni kwa wakati."

Wayne alikuwa anatazama mikono yake. Neville ndiye aliyeruka. "Huo ni uzushi. Amekiri, mtu mzima na akili zake. Na kama umesikiliza ile video kwa sauti, umevunja kanuni."

"Kanuni inasema kamati isiisikilize. Haisemi kitu juu ya masikio yangu." Denise aligeuza kompyuta yake ili skrini iwaelekee. "Lakini tuiache hiyo. Hii ni mechi nyingine, ya watu wengine, na haina sauti. Kila mpira unapotoka kwenye mguu wa mpigaji, Wayne aseme 'sasa.' Basi. Na wewe, Bwana Garside, useme pamoja naye, tuwe na cha kulinganisha."

"Mimi sichezi bingo."

"Sema, Neville," alisema Roebuck.

Picha ikaanza. Kijana mwenye jezi ya kijani alirudi nyuma hatua mbili, akapiga.

"Sasa," alisema Neville.

Mpira ulipanda, ukapita milingoti ya taa.

"Sasa," alisema Wayne.

Mjumbe wa kushoto alikunjua mikono. Denise aliacha picha iendelee, mpigaji mwingine, upande mwingine. "Sasa," Neville. Kisha ile nafasi, ambayo haikuwa ndefu, ambayo jikoni mtu angeipita bila kuijua. "Sasa," Wayne. Katika nafasi ile mtu wa kilo mia na ushee anamaliza mita tano.

Wa tatu ulipigwa. Mpira ukapaa, nao ukapita milingoti ya taa.

"Sasa," walisema Neville na Wayne kwa pamoja.

Denise alimtazama yule mzee. Neville alikuwa ameikaza shingo, macho yake yako kwenye skrini. Alikuwa ameuona mpira unaondoka, akaung'ata ulimi wake na kumsubiri mchezaji wake.

"Bwana Garside," alisema Denise kwa upole, "ule ulikuwa umeshapita taa."

"Uzee," alisema Neville. "Macho yangu hayafai."

"Acha, Neville." Pauline alikuwa amesimama. "Inatosha sasa. Mwaka jana mwezi wa tatu alikaribia kumgonga mwanamke na kigari cha mtoto, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mchana kweupe. Alikanyaga breki wameshapita. Alizima lori pale pale barabarani akanipigia simu nimfuate. Hakuna mgongo wowote. Nimesema mgongo mpaka kwa mama yangu mzazi."

"Pauline," alisema Wayne.

"Kwa daktari hataki kwenda, kwa sababu daktari ataandika. Na wewe, Neville, kila Alhamisi unamwambia uko fiti, uko fiti."

Neville alifungua mdomo. Waliomjua walisubiri kauli ya mwisho, kama kawaida yake, lakini haikuja. "Hatuna namba kumi mwingine," alisema, na hapo hapo akasikia alichokisema, akainamisha kichwa. Kipara chake kilikuwa kimelowa jasho.

Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio kitamfichua. Denise aliwahi kuutumia msemo huo kwa watu wengi, na siku ile haukumpa raha yoyote kuuona unatimia.

Wayne alisimama. Kifungo cha koti lake kilikuwa kimeshakata tamaa.

"Mwenyekiti, naomba niseme kitu."

"Sema, mwanangu."

"Niandikieni nilikusudia."

Roebuck aliweka kalamu chini.

"Nipeni msimu mzima. Nipeni miwili, sirudi, naapa sirudi, mbele ya mke wangu huyu hapa. Lakini niandikieni nilikusudia." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asipigwe. "Kuitwa mshenzi nimezoea. Miaka ishirini naitwa mshenzi, na wanaoniita hivyo wananinunulia bia. Binti yangu shuleni wanamwambia baba yako katili, anawajibu, na wewe chunga. Mkiandika hili lingine, wataanza kuniongelesha polepole. Mmewaona wachezaji wa zamani wa namna hiyo, waliogongwa kichwa miaka mingi. Wanakaa kona ile kule chini, kwenye baa, watu wanapita wanawagusa bega, 'hujambo mzee,' na hawasubiri jibu. Mimi mwenyewe nimepita nikawagusa bega."

"Na Callum je?" aliuliza Denise. "Anajua kwamba hukumkusudia. Wewe unataka abaki peke yake anayejua?"

Wayne alifunika uso kwa mikono yake mikubwa. Hakulia, au kama alilia hakutoa sauti. Alikuwa anaona haya, mbele ya watu sita na skrini moja, na kila mmoja mle ndani alikuwa anaona haya pamoja naye, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajawahi kumshangilia.

Kamati iliwatoa nje, ikawaita tena kabla chai haijapoa. Roebuck alisoma bila kuinua macho. Makusudi hayakuthibitika. Mchezaji asikanyage uwanja wowote wa ligi, kwa mechi wala mazoezi, mpaka daktari bingwa wa kichwa aandike kwamba anafaa. Klabu ya Skelby na kocha wake watajibu mashtaka yao, kwa kumchezesha mtu wakijua hali yake.

"Sawa," alisema Neville. Lilikuwa neno lake pekee.

Wayne alipopita karibu na Denise alisimama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Nilikuomba uandike nilichokwambia," alisema. "Kitu kimoja tu."

Denise alihisi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mtu yumo. Alijua kwamba amefanya lililopaswa kufanywa, na kujua huko hakukumsaidia kumtazama Wayne machoni. Pauline alimshika mumewe kiwiko, wakashuka ngazi polepole, yeye akitangulia hatua moja mbele.

Harufu ya pai na njegere za kupondwa ilikuwa inapanda kutoka chini. Roebuck aliwaambia wajumbe wake watangulie, wamwekee sahani. Denise alikuwa anakunja waya wa kompyuta yake.

"Umefanya kazi nzuri," alisema mzee yule.

"Sijisikii hivyo."

"Hapana. Wala mimi."

Alifunga mlango. Hakurudi kwenye meza ya kamati. Alizunguka, akakivuta kile kiti alichokikalia Wayne, akakaa, akaweka mikono yake miwili juu ya magoti na kuitazama skrini iliyokuwa imezimika.

"Usikunje," alisema. "Anzisha tena."

"Ipi?"

"Yoyote. Usiniambie ni ipi."

Denise aliushika ule waya muda kidogo. Kisha akaurudisha ukutani.

"Mimi nitasema 'sasa,'" alisema Harold Roebuck. "Wewe niangalie. Na ukishaona, naomba usimwambie mke wangu."